Mwenzangu Aliye Kifuani mwa Mume Wangu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha ukorofi, au angalau limekubali kukufikisha sokoni na kukurudisha. Shemeji hajambo? Kikohozi chake je? Mwambie moshi wa sigara haujawahi kuwa dawa ya kikohozi, hata kama rafiki zake wote wameapa hivyo. Na Mama anaendeleaje? Najua tangu macho yake yafifie wewe ndiye unayemsomea barua, kwa hiyo namwamkia hapahapa. Shikamoo Mama, mwanao wa mwisho sijambo, ninakula vizuri, na mwaka huu nimenenepa kidogo.

Nimechelewa kujibu, na lawama zote nazitupia sare za shule. Shule zinakaribia kufunguliwa, na kila mzazi amekumbuka siku moja na wenzake kwamba mtoto wake amerefuka. Nimeshona mpaka nikifumba macho ninaona kola.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, shemeji yako, huyu mume wangu, anaendeleaje. La pili, kama ni kweli wanayosema watu huko kwamba amewekewa moyo wa mwanamke. La pili ndilo jepesi, jibu lake ni ndiyo. La kwanza ni refu, kwa hiyo weka mguu wako juu ya kigoda na usome taratibu.

Unamkumbuka alivyo, mlango anaupita kwa ubavu. Kazi yake unaijua pia, nyapara wa wapakiaji pale kwenye ghala la nafaka. Ghala lile lina kelele za malori tangu asubuhi, na yeye alikuwa anasimama juu ya jukwaa la kupakilia na kutoa amri mpaka mtu wa mwisho kule nyuma anasikia. Wapakiaji walimpa jina la Honi, na hakulichukia. Tatizo ni kwamba sauti hiyohiyo alikuja nayo nyumbani. Viatu alibadilisha mlangoni, sauti hakuwa na nyingine ya kubadilisha.

Cherehani changu kiko karibu na dirisha la mbele. Nilikuwa nimejifunza kusimamisha mguu kila anapokaribia nyumbani, nisikilize visigino vyake. Vikiburuta, siku ilikuwa njema, ninaendelea na kazi yangu. Vikigonga, ninaondoa vitambaa kwenye kiti chake, ninachungulia sufuria, ninajitazama kama kuna kitu chochote juu yangu kinachoweza kumkera. Siku nyingi sikukiona kile kitu, lakini yeye alikiona. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na mtu huzoea.

Halafu akaugua. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi, ngazi tatu za ghalani zikawa zinamshinda. Madaktari walisema moyo wake umetanuka na kulegea, hauna tena nguvu ya kusukuma damu, na kwamba dawa zitamvutia muda tu. Kilichobaki ni kupata moyo mwingine. Tulingoja sana. Hata wakati ule alinifokea, lakini kwa mafungu, neno moja kisha pumzi, neno jingine kisha pumzi. Nitasema ukweli, nilimhurumia mpaka machozi, na wakati huohuo nilikuwa ninapumzika.

Tuliitwa mchana, mguu wangu ukiwa kwenye cherehani. Wakampasua, wakatoa ule mgonjwa, wakaweka mwingine. Siku alipoweza kukaa kitandani, daktari wa moyo alikuja na karatasi yake. Ni kijana mpole, hawezi kueleza kitu bila kukichora. Alituambia kwamba moyo umetoka kwa mwanamke. Ni nani, wa wapi, alikufaje, hayo hospitali haisemi, na tusiulize. Hilo moja ametuambia kwa sababu linahusu matibabu. Moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo, na ukiwekwa katika mwili wa mwanaume mkubwa kama huyu unafanya kazi kupita kiasi, kwa hiyo mgonjwa wa namna hii huangaliwa kwa karibu kuliko aliyepewa moyo wa mwanaume mwenzake. Apunguze uzito, anywe dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni, asikose hata siku moja.

Shemeji yako alitazama dari. Kisha akasema, "Kwa hiyo mmenipa injini ya pikipiki nivute lori."

Nesi alicheka mpaka akatoka nje. Daktari alicheka, mimi nikacheka, na yeye mwenyewe akacheka huku ameshika mshono kwa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi sisi wawili kuchekea kitu kimoja.

Jirani yangu msusi, aliposikia, alinishika mabega. "Pole, shoga. Umeletewa mke mwenza. Tena huyu hapiki, hafui, na analala kifuani kila siku bila kukupa zamu." Tulicheka tena. Lakini tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu, nilikuwa ninamwita mwenzangu. Nilikuwa ninajiuliza kama alikuwa mrefu au mfupi, kama alipenda kuimba akifanya kazi, kama huko alikotoka kuna mtu anayemkumbuka. Nilipomsaidia shemeji yako kuoga nilikuwa ninaliosha lile kovu kwa mkono mwepesi, kama unavyopita karibu na chumba alicholala mgeni.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Alikuwa amesharudi nyumbani, nguvu zinaanza kumrudia. Mchana mmoja nilimpigia shati pasi, nikaacha mikunjo miwili kwenye mkono badala ya mmoja. Akaliona. Alinifokea kwa sauti yake nzima, ya kwanza tangu atoke hospitali, na nyumba yote ikatetemeka. Nikafanya ninavyojua kufanya. Nikaegemea ukuta, macho chini, nikangoja ipite. Ikapita. Akakaa, nikamletea chai, nikarudi kwenye cherehani. Nilishona mkono mzima wa blauzi, na nyumba ilikuwa imetulia kabisa, ndipo nikasikia kikombe kinagonga kisahani.

Nikageuka. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili na bado kinagonga. Jasho linamtiririka. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa imeshakwisha zamani. Alikuwa anatazama mlango, pazia, na nyuma ya kabati.

"Nani ameingia?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna mtu. Akasema yupo. Akasema kwa sauti ndogo, ya kunong'ona, mtu mzima yule, niangalie nyuma ya mlango. Nikaangalia ili kumridhisha. Kisha nikamshika kifundo cha mkono kama nesi alivyonifundisha, nihesabu mapigo. Sikuhesabu, Dada. Niliyafahamu. Mtu aliyekimbia hana mapigo yale, wala mwenye homa hana. Ni mapigo ya mtu aliyebanwa kwenye kona, anayejitahidi asisikike akipumua. Nimeishi nayo kifuani mwangu miaka yote hii, na leo nilikuwa ninayakuta mkononi mwa mwanaume mkubwa kama kabati. Nikamwachia haraka.

Tulikwenda kwa daktari. Akachora. Alituambia kwamba moyo unapohamishwa, mishipa ya fahamu inayouletea habari kutoka kwenye ubongo hukatwa, na haiungiki kwa urahisi. Mtu mwingine akishtuka, moyo wake unajua papo hapo. Moyo wa kupandikizwa haujui. Unangoja habari ziletwe na damu, na damu inachelewa. Basi ukikasirika leo saa hii, moyo utakwenda mbio baadaye, wewe umeshasahau, na utachelewa pia kutulia. Akasema si jambo la kuogopesha, wagonjwa wengi wanalo. "Ni hasira yako mwenyewe, mzee. Imefika tu kwa kuchelewa."

Shemeji yako alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hasira anaijua, amekuwa nayo tangu utoto, haina ladha ile. "Kinachokuja ni woga," akasema. "Na anayeogopwa ni mimi."

Daktari aliweka kalamu mezani na kusema kwamba wagonjwa wa upasuaji mkubwa hupatwa na mawazo mengi, na yatapungua.

Hayakupungua. Aliporudi kazini mambo yakawa yaleyale. Anapiga kelele juu ya jukwaa, mwili haumwambii kitu, wapakiaji wanapumzika na kunywa maji, ndipo moyo unaanza kukimbia na yeye anatafuta mahali pa kukaa. Mpakiaji mmoja aliniambia kwamba siku moja walimkuta amejibanza katikati ya magunia, amekumbatia magoti. Wakadhani ni utani. Akaanza kuwaelekeza kwa mikono, na akitaka kusema anamwita mtu karibu na kumwambia taratibu. Jina la Honi likafa lenyewe. Walimbatiza jipya, Padri, na hilo nalo hakulichukia.

Lakini alitaka kuwa na hakika, unajua alivyo mbishi. Alasiri moja nilikuwa ninaanua nguo, nikamkuta uani peke yake mbele ya ukuta. Hakuniona. Akaufokea ukuta. Aliutukana matusi yote ambayo mimi ninayajua kwa moyo, kwa mpangilio uleule. Kisha akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza, akajishika kifundo cha mkono, akangoja. Mimi nikasimama nyuma ya shuka lililolowa, nikangoja naye. Upepo ulikuwa umekufa na watoto wa jirani walikuwa wamelala. Halafu nikamwona mabega yanapanda, mdomo unaachama, na yule mtu akajikunja juu ya ndoo akiufunika uso wake kwa mikono. Nikamsikia anasema, "Samahani. Samahani, mama. Sikukusudia wewe."

Cheka ukitaka, lakini niliona wivu. Niliona wivu mpaka meno yakauma. Miaka yote niliyoishi na mwanaume huyu sijawahi kusikia neno lile likitoka mdomoni mwake, hata akinikanyaga kwa bahati mbaya. Leo anampa mwanamke asiyemjua jina, aliyekaa naye miezi tu, tena kwa sababu ya matusi aliyoupa ukuta. Nikaingia ndani na nguo mbichi.

Siku iliyofuata alinikalia karibu nikiwa ninakunja nguo. Akaniuliza bila kunitazama, "Mtu akiogopa hivi, anatulizwaje?"

"Usimkaribie haraka," nikamwambia. "Mikono iweke mahali anapoiona. Usimwambie asiogope, maana hilo ni la kuogopesha zaidi. Zungumza jambo jingine, la kawaida, kwa sauti ndogo, na usitake akujibu."

"Wewe umejuaje?"

Nikamwambia wanawake tunajuana. Akanitazama, Dada. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikakosea kukunja. Kisha akaishusha mikono yake yote miwili, akaiweka wazi juu ya magoti, akaanza kuzungumza habari za mvua iliyochelewa na panya wa ghalani. Alizungumza taratibu, hakuniuliza chochote. Mpaka leo sijui alikuwa anazungumza na nani kati yetu.

Baada ya hapo nilikuwa na nyumba ambayo sikuwahi kuwa nayo. Akifika nje anakohoa kwanza, anasema ni mimi, ndipo anaingia. Akitaka kitu kutoka chumba cha pili anakuja mpaka karibu na kukiomba. Nilisahau kusikiliza visigino. Siku moja nilishtukia amesimama nyuma yangu na mimi ninaimba. Mtoto wetu, mwanao, ambaye kila likizo alikuwa na sababu mpya ya kubaki bwenini, alikuja akakaa likizo nzima, akawa anamwachia baba yake amsahihishe hesabu. Usiku tukilala ninaweka mkono wangu juu ya kovu na kumwambia mwenzangu kimoyomoyo ahsante, kaa, hapa ni kwako, zamu zote chukua. Wivu wote ulikwisha. Nilikuwa ninamwogopa pia kidogo, siwezi kukudanganya. Nilikuwa ninahisi nikimshukuru anatulia kunisikiliza. Lakini woga wa namna ile ninauweza.

Dada, hapa simama. Mwambie Mama barua imeisha, mpe salamu zangu, mwambie mkwewe amekuwa mpole na mimi nimenenepa, yote hayo umemsomea na yote yalikuwa kweli. Kisha nenda chumbani kwako ukasome yaliyobaki peke yako.

Umeshaketi? Unakumbuka mwaka ule niliokuandikia kwamba nimeanguka kwenye ngazi na kuvunjika mkono? Hujawahi kufika kwetu, kila mara ulipotaka kuja nilikupa udhuru, kwa hiyo huwezi kujua kwamba nyumba yetu haina ngazi. Haina hata moja. Jino langu la pembeni nilikuambia limeoza. Halikuwa limeoza. Nilikuambia nimekata nywele kwa sababu ya joto. Sitaendelea, umeshaelewa, na najua umeshasimama na unatafuta viatu. Kaa chini unisikilize, kwa sababu hayo ni ya zamani na sikuandika kwa ajili ya hayo.

Shemeji yako alipokwenda kliniki mara ya mwisho, daktari alisikiliza, akapima, akatikisa kichwa. Alisema moyo ule mdogo unakimbia mno, unachoka, na ukiendelea hivi utakwisha kabla ya wakati wake na yeye utakwenda naye. Akampa kidonge kipya, kidogo, cheupe, cha kunywa kila asubuhi, cha kuupunguza mwendo. Akasema na zile mbio za ghafla hatazisikia tena. Shemeji yako alimshika daktari mkono akautikisa kama mtu aliyefunguliwa jela.

Dawa zake zote ninazitunza mimi. Asubuhi ya kwanza nilikiweka kile kidonge kwenye kiganja, nikakitazama. Nikisema sikuwaza nitakuwa mwongo. Ningeweza kukitupa kwenye maji machafu, na nani angejua? Angebaki Padri wangu. Lakini angebaki kwa muda tu, na muda huo ungelipwa na mwenzangu kwa kukimbia bila kupumzika, mpaka aanguke. Alishakufa mara moja, sijui kwa mkono wa nani. Sikuweza kumuua mara ya pili ili mimi nikae kwa amani. Nikampa mume wetu kidonge na maji.

Mwanzoni hakubadilika, mazoea yalimshika. Akakohoa mlangoni kama kawaida. Halafu siku moja akasahau kukohoa. Halafu wapakiaji wakaniambia Honi amefufuka. Nikaanza tena kusimamisha mguu kwenye cherehani, bila kujua kwamba nimeanza.

Jumamosi hii iliyopita mwanao aliacha begi lake juu ya kiti cha baba yake. Basi, ni begi tu. Akamfokea mtoto, na sauti ilikuwa ileile ya jukwaani, na mtoto akarudi nyuma mpaka kona ya kabati. Nikaingia katikati. Akanikamata shingo ya nguo, akanisukuma ukutani, kichwa changu kikagonga, akainua mkono. Akaushusha ulipokusudiwa. Mara moja tu, Dada, na wala si kwa nguvu zake za zamani.

Kisha akaniachia, akaketi kwenye kiti chake, akajishika kifundo cha mkono. Alikuwa anamngoja. Nami nikamngoja. Nilikuwa nimeegemea ukuta, damu mdomoni, na nilikuwa ninamwomba mwenzangu kwa nguvu zangu zote aje. Aamke amtikise, amfiche kwenye magunia, amtoe jasho, amwambie. Saa ya ukutani ikatembea. Mwanao akaanza kulia bila sauti. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kuchelewa. Hakuja.

"Umeona?" shemeji yako akaniambia, uso umemchangamka, kama mtu anayeniletea habari njema. "Ametulia. Haniogopi tena." Akaomba chakula.

Nikampakulia. Na wakati ninapakua, moyo wangu mimi ulikuwa unagonga mpaka mwiko unatikisika. Huu wangu haukungoja habari ziletwe na damu. Ulijua papo hapo, kama ulivyojua siku zote, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kuushika mkono na kuuhesabu. Nikageuka nikamwona mwanao ananitazama mkono uliotikisika. Anajifunza, Dada. Ameshaanza kujifunza kusimama ukutani, macho chini. Hapo ndipo nilipokata shauri.

Jana, Jumapili mchana, alisinzia kitini baada ya kula. Nikapiga magoti kando yake nikaweka sikio langu kwenye kovu, kumuaga mwenzangu. Nilitarajia nitakuta moyo uliopona, moyo wa mtu aliyezoea nyumba na kuacha kuogopa. Sikukuta hivyo. Alikuwa anapiga polepole, kwa kujizuia, pigo moja, kimya, pigo jingine, kimya, sawasawa kabisa, hapandi wala hashuki. Ni mtu aliye macho anayejifanya amelala. Nikamtambua, Dada. Nami nilijifunza vivyo hivyo, mwaka wa pili wa ndoa, kupumua bila kusikika ili nisimkere. Woga wake haujaondoka hata kidogo. Wamemfundisha kunyamaza, na kidonge nimekitia mimi kwa mkono wangu.

Nikamnong'oneza kwamba ninaondoka na mtoto. Nikamwambia ningejua namna ya kumtoa ningemtoa. Hakubadilisha mwendo. Nilibaki pale na sikio langu mpaka goti likafa ganzi, nikijua anachelewa, nikijua habari zinamfikia polepole. Nilipokuwa ninajiinua, kabla sikio halijaachana na shati, akagonga mara tatu, haraka, kwa nguvu, kisha akarudi kwenye ule upole wake. Shemeji yako hakuamka.

Leo asubuhi amekwenda ghalani. Sare za watu nimezimaliza, nimemwachia msusi azigawe, na barua hii ataitia posta yeye. Nimepita kliniki nikamwambia nesi kwamba kuanzia sasa mgonjwa atatunza dawa zake mwenyewe, wamwelekeze vizuri, asikose hata moja. Alinitazama mdomo uliovimba, akanishika mkono, hakuuliza. Dawa nimezipanga mezani. Sikutaka mtu afe kwa sababu yangu, na pale kuna watu wawili.

Tutalala kwa rafiki yangu wa zamani mwenye duka la vitambaa mpaka barua itutangulie, kisha tutakuja huko. Mwanao anauliza kama kwenu kuna mbwa.

Msalimie shemeji na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Liombee goti lako lipone, maana utakuwa na mzigo. Mama usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimeshika mkono wake. Na wewe usilie kwa ajili yangu, mimi nimeshatoka. Tuandalie kitanda kimoja, kinatosha. Tutafika watu wawili, na Mungu anajua nilitaka tufike watatu.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Kitindamimba.